Ua la Mwaka Jana

Ua la amarilisi linalofunguka leo barazani halikuumbwa leo. Lilianza kuumbwa mwaka uliopita, ndani ya giza la tunguu, wakati mmea wenyewe ulikuwa majani matupu na hakuna mgeni aliyegeuza shingo kuutazama. Mwenye nyumba anaposifiwa kwa ua hilo, anasifiwa kwa kazi ambayo pengine amekwisha kuisahau. Na kama hakuifanya, hakuna samadi wala maji yatakayomtolea ua msimu huu. Amechelewa, na kuchelewa kwenyewe ni kwa mwaka mzima.

Mimea mingi ya nyumbani haina hesabu ndefu namna hii. Waridi ukilipogoa na kulimwagilia, baada ya majuma machache linakujibu. Bogonvilia hata ukiisusa inachanua, na wapo wanaoapa kwamba huchanua zaidi ikisuswa. Amarilisi hailipi papo kwa papo. Inaweka kumbukumbu ya namna ulivyoishi nayo, kisha inakusomea mwaka unaofuata, mbele ya watu.

Anayetaka kuiona hesabu hiyo kwa macho alitafute tunguu lililooza upande, lile ambalo haliokoki tena, alipasue kwa kisu kikali kuanzia shingoni hadi kwenye kitako. Ataona magamba manene, meupe, yenye maji, yaliyofunikana moja juu ya jingine. Kila gamba ni sehemu ya chini ya jani lililowahi kuwa juu, likaona jua, likafa. Kichwa chake kikanyauka na kuanguka, mguu wake ukabaki ardhini ukihifadhi chakula. Hili ni ghala lililojengwa kwa masalia ya wavunaji wake. Katikati ya magamba, moyo wa tunguu hufuata utaratibu wake: majani manne hivi, kisha chipukizi moja la ua, kisha majani mengine manne, kisha ua jingine. Tunguu lenye afya huwa na mimba kadhaa kwa wakati mmoja. Ua moja liko tayari kutoka, la pili liko nusu ya safari, la tatu ni nukta tu inayohitaji jicho kali. Kutoka nukta hadi ua hupita zaidi ya mwaka. Chakula kikipungua njiani, chipukizi hunyauka humo humo ndani, na mwenye chungu hatajua kamwe kwamba kulikuwa na ua lililokufa kabla ya kuzaliwa. Atasema tu, “Mwaka huu halikutoa.”

Anayelipasua kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi lilivyo sawa na kitunguu maji cha jikoni. Si bure. Wataalamu wa mimea siku hizi huviweka vitunguu, vitunguu saumu na amarilisi katika ukoo mmoja. Kitunguu cha Mang'ola au kile kinachouzwa kwa magunia kando ya barabara pale Ruaha Mbuyuni ni binamu wa ua hili, ingawa binamu mmoja huingia sufuriani na mwingine ni sumu. Na porini mwetu wapo ndugu wengine. Mvua za kwanza zinapoanguka, katika vichaka na pembezoni mwa misitu ya Afrika ya kitropiki hujitokeza ua la duara, jekundu, lililoundwa na vijiua vingi vyembamba, likisimama juu ya ardhi ambayo wiki iliyopita ilikuwa kavu tupu. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Halikununuliwa wala halikupandwa na mtu. Nalo limetoka katika akiba iliyowekwa na majani ya msimu uliopita.

Amarilisi ya vyunguni yenyewe imetoka mbali. Asili yake ni Amerika ya Kusini, hasa Brazili na nchi za milima ya Andes kama Peru na Bolivia, na jina lake la kitaalamu ni Hippeastrum, alilolitoa Mwingereza William Herbert mwaka 1821. Jina la Amaryllis, lililotumiwa na Linnaeus mwaka 1753, lilizua ubishi mrefu hadi mkutano wa kimataifa wa wanamimea uliofanyika Berlin mwaka 1987 ulipoamua kwamba ni mali ya ua la Afrika Kusini, lile la Rasi ya Magharibi. Wauzaji na wapandaji hawakujali uamuzi huo; wameendelea kuliita la Brazili amarilisi, nami naendelea nao.

Lakini lile la Rasi linastahili kusimuliwa, kwa sababu ndilo linaloonyesha jambo hili waziwazi kuliko yote. Kule mvua hunyesha wakati wa baridi. Majani huota na baridi, hunywa mvua, hula jua hafifu la majira hayo, kisha joto linapoingia hukauka yote. Miezi inapita ardhi ikiwa wazi. Kiangazi kinapokaribia kwisha, bua hupasua udongo mkavu likiwa uchi, bila hata jani moja, na kufungua maua ya rangi ya waridi yenye harufu tamu. Jani na ua lake havionani kamwe. Jani limefanya kazi yote na kufa kabla ya sherehe, na ua limekuja likakuta uwanja mtupu. Ukisimama mbele yake bila kujua habari hii, utaamini kwamba uzuri ule umetoka hewani.

Katika amarilisi yetu jani na ua hukutana, japo kwa shida. Mara nyingi bua hutangulia, limenyooka, lina uwazi ndani, na juu yake hufunguka maua mawili hadi sita, manne ndiyo kawaida. Majani hufuata nyuma, yakijivuta, kana kwamba yanajua hayakualikwa.

Kazi ya mwaka, kwa hiyo, inaanzia kwenye chungu. Kuhamisha chungu ni kazi ya mwisho wa kiangazi, tunguu likiwa bado limelala na bua halijachungulia. Kwa sisi wa maeneo ya mvua mbili, huo ni mwezi wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya vuli. Wenzetu wa Njombe na Songea, ambako mvua ni moja na ndefu, wana muda zaidi kidogo. Na si kazi ya kila mwaka. Mizizi ya amarilisi ni minene, myeupe, yenye nyama, na huishi zaidi ya msimu mmoja; ukiikata ovyo, tunguu hutumia akiba yake kuotesha mingine badala ya kulisha ua. Mara moja kwa miaka mitatu au minne inatosha. Katika miaka ya katikati hukwanguliwa udongo wa juu tu, sentimita mbili tatu, ukawekwa mpya wenye samadi iliyooza vizuri.

Chungu hulazwa ubavu na kugongwagongwa hadi bonge la udongo litoke zima. Kisha huja ukaguzi. Mzizi ulio hai ni mgumu na umejaa. Uliokufa ni wa kahawia, ukiubana unabaki ganda. Tunguu lenyewe hubonyezwa kwa kidole gumba pande zote. Likiwa gumu, ni salama. Likibonyea, kuna uozo, na uozo hukatwa wote hadi nyama nyeupe ionekane, kidonda kikaachwa kikauke kivulini siku moja mbili kabla tunguu halijarudi udongoni. Watoto waliojibandika kando, ambao tayari wana mizizi yao, hubanduliwa kwa mkono. Wasio na mizizi huachwa kwa mama yao; mtoto anayeachishwa mapema hukaa miaka bila kukua.

Udongo wake haupaswi kutuamisha maji: udongo wa bustani, samadi au mboji, na mchanga wa mto. Nasema wa mto kwa sababu anayeishi pwani hushawishika kuchota wa ufukweni, ambao una chumvi. Chungu cha udongo uliochomwa kina faida mbili: kinapumua, na ni kizito, kwani bua lenye maua manne makubwa huweza kuangusha chungu cha plastiki kwa upepo mdogo tu wa jioni. Lakini amarilisi haibagui chombo. Ndoo ya rangi iliyokwisha, kopo la mafuta ya kula, hata sufuria iliyotoboka, vyote hufaa alimradi kitako kitobolewe kwa msumari uliopashwa moto na maji yapate njia.

Kuna mambo mawili katika kupanda huku ambayo kila mwanzilishi huyapinga moyoni. La kwanza ni ufinyu. Nafasi kati ya tunguu na ukuta wa chungu isizidi upana wa vidole viwili. La pili ni kina: theluthi moja hadi nusu ya tunguu hubaki juu ya udongo, mabega na shingo vikiwa wazi. Mtu mwenye huruma huona huo ni unyanyasaji. Hununua chungu kikubwa, hulizika tunguu lote, hushindilia udongo juu yake na kurudi ndani ameridhika. Chungu kikubwa hubeba udongo mwingi, udongo mwingi hubeba maji mengi, na maji ambayo mizizi haijayafikia hukaa chini yakiozesha kitako. Shingo iliyozikwa nayo huoza kwa unyevu unaonasa katikati ya magamba. Tunguu hufa kwa kupendwa.

Sisi tuna desturi ya kupima upendo kwa wingi. Mgeni ashibe hadi abakize chakula sahanini, mtoto avishwe nguo kubwa ili aikulie, mche upewe chungu cha kuujaza baadaye. Ni desturi nzuri kwa wageni na kwa watoto. Kwa amarilisi ni kosa, na nadhani si kwa amarilisi peke yake. Vipo vitu ambavyo ukivipa zaidi ya vinavyoweza kutumia, kile cha ziada hakikai kimya kikingoja. Kinageuka kuwa maradhi.

Baada ya kupandwa, tunguu hupewa maji mara moja ya kutosha, kisha karibu halipewi tena hadi ncha ya bua au jani ionekane. Maji humwagwa pembeni mwa chungu, kamwe si juu ya shingo. Bua likianza kupanda, chungu kizungushwe kila baada ya siku chache, maana hulifuata jua na kupinda. Maua yakifunguka, chungu kisogezwe kivulini. Jua kali huyachosha haraka. Hapo ndipo baraza linapopata watu. Simu zinatolewa, picha zinapigwa, jirani ambaye hajakanyaga tangu Idi anapita kuuliza hali. Siku kumi, pengine wiki mbili, na petali zinalegea.

Sasa ndipo kazi ya kweli inapoanza, na ndipo watu wengi wanapoondoka.

Ua likinyauka hukatwa, pamoja na kifuko cha mbegu kinachoanza kuvimba, ili chakula kisipotelee humo. Bua lenyewe huachwa hadi ligeuke manjano, kwa kuwa bado ni la kijani na bado linatengeneza chakula. Kisha yanabaki majani: marefu, mapana kiasi, yanayopinda na kulalia ukingo wa chungu, hayana umbo la kujivunia. Mwenye nyumba safi huona yanachafua baraza. Chungu husukumwa nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, mahali pa ndoo zilizovunjika, kivulini kabisa. Wengine huyakata majani ili mmea “upumzike”.

Miezi hiyo ndiyo inayoamua. Kila jani lenye afya linalopata jua linapeleka chakula chini, magamba yananenepa, na chipukizi la mwaka ujao linapata cha kulia. Majani matatu dhaifu ya kivulini hayawezi kulisha ua. Katika miezi hiyo ndipo mmea unapotaka maji ya kawaida, jua la asubuhi, na mbolea kidogo kidogo. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani makubwa mazuri na ua hakuna. Yenye potasiamu zaidi hujenga tunguu. Jivu la kuni lina potasiamu, na punje chache za jivu kavu zikichanganywa kwenye udongo wa juu husaidia, mradi mtu asizidishe, kwa sababu jivu hubadili uchachu wa udongo.

Katika soko la Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako ua hili ni zawadi kubwa ya Krismasi, siku hizi huuzwa matunguu yaliyochovywa katika nta ya rangi: nyekundu, dhahabu, fedha. Mizizi imekatwa, kitako kimewekewa waya ili tunguu lisimame mezani. Halihitaji udongo wala maji. Linachanua kwa akiba iliyowekwa na majani katika mashamba ya Uholanzi au Afrika Kusini au Amerika ya Kusini, linapendezesha sebule mwezi wa Desemba, kisha kwa kawaida linatupwa Januari. Sina ugomvi na anayelinunua. Ua ni ua. Lakini sijaona bidhaa inayoeleza zama zetu kwa uwazi zaidi. Mtu ananunua mwisho wa kazi, kazi yenyewe imefungiwa ndani ya nta asiione, na kesho yake imekatwa pamoja na mizizi. Akiikwangua nta mapema na kulipanda tunguu hilo, huenda likaotesha mizizi na kuishi, kama kitako hakikukatwa sana. Wanaojaribu ni wachache, kwa sababu halikuuzwa kwa ajili hiyo.

Nasi huku tusijione wema sana. Kila Januari matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, picha za waliofaulu hujaa magazetini na kwenye simu. Wapo wazazi pembeni, wapo walimu wa kidato cha nne, yupo mkuu wa shule mwenye tai. Mwalimu wa darasa la kwanza, aliyemshika mtoto yule mkono akamfundisha kuandika jina lake, hayupo. Hakuna aliyemficha, ni kwamba kazi yake ilikwisha zamani, na ua limechanua akiwa hayupo uwanjani. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walisema kweli, ila msemo huo hutufanya tumfikirie fundi akiwa bado na shoka mkononi. Mara nyingi fundi aliunda miaka mingi iliyopita, akaweka shoka chini, na hata wanaosafiri hawalijui jina lake.

Baada ya majani kufanya kazi yake kuna wakati mwingine mgumu, nao ni wakati wa kutofanya kitu. Masika yakiisha, maji hupunguzwa, halafu huachwa kabisa. Majani hugeuka manjano na kulala. Tunguu hukaa kavu miezi miwili hadi mitatu, mahali ambapo mvua ya bahati mbaya haitalifikia. Katika nchi za baridi watu hufanya hivyo kwa kukipeleka chungu mahali pa nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi kwa wiki nane au kumi, wakihesabu kurudi nyuma kutoka Krismasi. Sisi wa karibu na ikweta hatuna majira ya baridi ya namna hiyo. Lushoto na Njombe wana ubaridi wa Juni na Julai, nao huwafaa. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hawana hata huo; kinachowafaa ni ukavu. Pasipo ukavu, mmea wa pwani huendelea kutoa majani mwaka mzima na kuchanua kwa nadra. Na si kila aina hulala: ile ya kipepeo, yenye michirizi ya damu ya mzee juu ya weupe wa kijani, kutoka misitu ya pwani ya Brazili, hubaki na majani mwaka mzima na haipendi kukaushwa kabisa. Mtu aijue aliyo nayo.

Kutomwagilia ni kazi. Anayepita huona chungu kikavu na majani ya manjano, akadhani nyumba haina mwenyewe. Msaidizi wa nyumbani mwenye bidii huchukua kopo na kukimwagilia kwa huruma, na inabidi azuiwe kwa upole: “Dada, hicho kiache, kimelala.” Kisha, Oktoba joto linapopanda, mara nyingine hata kabla ya tone la kwanza la vuli, ncha ya kijani yenye wekundu hujitokeza kando ya shingo. Haikungoja kuamriwa. Matunguu yaliyosahauliwa ndani ya maboksi madukani hufanya vivyo hivyo, yakatoa bua gizani bila udongo. Ua lilikuwa limekwisha kulipiwa.

Yako mambo ya kuangalia. Kuna kiwavi mweusi mwenye mabaka ya rangi ya maziwa au njano, mpenzi wa ukoo huu, anayetafuna majani kuanzia nchani na akiachwa huingia hadi ndani ya tunguu. Huyo hukusanywa kwa mkono asubuhi. Kuna kuvu inayoleta mabaka mekundu kwenye majani na mabua, ambayo huenezwa na maji yanayorukaruka wakati wa kumwagilia. Hata hivyo si kila wekundu ni ugonjwa, maana nyama ya amarilisi ikijeruhiwa hugeuka nyekundu yenyewe. Na kuna jambo la sumu. Tunguu lina likorini, inayotapisha na kuumiza tumbo la mtu, paka au mbwa anayelila. Nyumba yenye watoto wadogo isiweke matunguu yaliyong'olewa karibu na kikapu cha vitunguu vya jikoni. Ukoo huu huu umetoa pia galantamini, iliyopatikana kwanza katika ndugu zake wa nchi za baridi, na ambayo leo hupewa baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer kusaidia kumbukumbu. Sumu na dawa zimetoka jiko moja. Kipimo na mkono wa mtoaji ndivyo vinavyotenganisha.

Kwa asiye na haraka kabisa ipo njia ya mbegu. Kifuko kikiachwa kikomae hupasuka na kutoa mbegu nyeusi, bapa, nyepesi, zinazopeperuka. Zikisiwa zikiwa mpya huota vizuri, lakini ua la kwanza litangojwa miaka mitatu, minne au zaidi, na haliwi lazima la rangi ya mama yake. Hivyo ndivyo ilivyopatikana amarilisi chotara ya kwanza inayojulikana, karibu mwaka 1799, mikononi mwa Arthur Johnson wa Prescot, Lancashire, Uingereza. Hakuwa mtaalamu wa mimea, alikuwa fundi saa. Nyumba yake ya kioo ya kukuzia mimea iliharibika baadaye, na kazi ile ingepotea naye. Haikupotea kwa sababu alikuwa amekwisha kugawa matunguu kwa bustani ya mimea ya Liverpool. Mmea wake chotara bado unakua hadi leo, hasa katika nyua za zamani za majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako umekuwa ukipita kutoka mkono hadi mkono.

Kwetu nako ndivyo ua hili lilivyosambaa mitaani, zaidi kwa kuombana kuliko kwa kununua. Unapita, unapiga hodi. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, karibu.” “Lile ua lako limeniua. Naomba mbegu.” Mama anacheka, anakwambia urudi baada ya masika, kwa kuwa sasa watoto bado wadogo. Ukirudi, anakuchimbia mmoja na kukufungia kwenye gazeti, na kukuonya usilizamishe. Tunguu hilo litachukua miaka miwili au mitatu kabla ya kuchanua kwako. Kama umekaa nalo vizuri, ua lake la kwanza litakuwa kazi ya mikono miwili: ya yule aliyelinenepesha na ya yule aliyelingoja.

Basi ukibahatika kupewa moja, au ukiwa nalo tayari na mwaka huu limekunyima ua, usilitupe wala usilisemee vibaya. Libonyeze kwanza, likiwa gumu, bado lina maisha. Lipe chungu finyu, acha mabega yake wazi, na msimu wa majani utakapofika, litoe nyuma ya nyumba uliweke mahali penye jua, wakati hakuna anayelitazama. Na watoto wake wakizidi, usiwauze. Wape majirani, maana tunguu lako likioza siku moja, utapata pa kwenda kuomba.